Ukweli ukijulikana, dharau inaisha? Tujadili hukumu za watu kwenye riwaya za zamani

Mleta mada

Wakuu habari za jioni, salamu kutoka Ngamiani.

Kila ikija mada ya ubaguzi au kudharauliana jibu la haraka ni lile lile, watu hawajui, wapewe elimu, wakiujua ukweli wataacha. Mimi ni msomaji wa riwaya za zamani, za kwetu na za ng'ambo, na kadiri ninavyozisoma ndivyo ninavyoona wale waandishi wakubwa hawasemi hivyo kabisa. Wanasema watu walikuwa wanajua. Ukweli ulikuwa wazi, mchana kweupe, na mtu akahukumiwa vilevile. Naomba tulijadili kwa mifano mana jambo lenyewe ni zito na linatuhusu hapa hapa mtaani.

Chukua To Kill a Mockingbird ya Harper Lee, ya 1960. Kisa ni cha Alabama, Marekani, miaka ya 1930. Tom Robinson, mtu mweusi, anashtakiwa kwamba amembaka binti wa kizungu anaitwa Mayella Ewell. Wakili wake Atticus Finch anaonyesha kwamba Mayella alipigwa upande wa kulia wa uso, yani aliyempiga huenda anatumia mkono wa kushoto, alafu anampa baba yake Mayella kalamu aandike jina lake pale pale mbele ya jaji na mzee anaandika kwa kushoto. Sasa Tom mkono wake wa kushoto umekufa, ulinaswa na mashine ya kuchambua pamba akiwa mtoto, alipotaka kuapa ule mkono uliteleza kwenye Biblia ukadondoka. Watu wote ukumbini wameona kwa macho yao. Jopo likaingia ndani, likakaa masaa, likarudi na neno lile lile lililokuwepo tangu asubuhi, ana hatia.

Lakini sehemu inayoniuma zaidi ni nyingine. Mwendesha mashtaka anamuuliza Tom, kwa nini ulikuwa unamfanyia huyu binti kazi zake bila malipo? Tom anajibu kwa unyoofu kabisa kwamba alimwonea huruma. Basi hapo ndio kajimaliza. Mtu mweusi amemwonea huruma mzungu! Yule mzee Ewell anaishi kando ya jalala, hela ya msaada anainywea, watoto wana njaa, hana kitu duniani isipokuwa rangi ya ngozi inayomweka juu ya Tom, na Tom kwa neno moja tu amemshusha. Pale ushahidi wa mkono haukuwa na kazi tena. Wale watu wa jopo hawakukosa taarifa, walikuwa na kitu cha kulinda.

Mfano wa pili, Les Misérables ya Victor Hugo, 1862. Fantine ana mtoto nje ya ndoa, amemwacha kwa watu kijiji cha mbali, anafanya kazi kiwandani na kila mwezi anatuma hela. Kuna mama mmoja pale mjini, Madame Victurnien, mtu wa ibada na maadili, anatoa faranga 35 za mfukoni mwake kusafiri mpaka kule kijijini akamwone mtoto kwa macho yake. Hebu fikirini. Mtu amefunga safari, ametumia hela, kautafuta ukweli kaupata, na ukweli wenyewe ni kwamba mama maskini anahangaika kumlisha mwanawe. Anarudi nao, Fantine anafukuzwa kazi. Anauza nywele kwa faranga 10, anauza meno mawili ya mbele, mwisho anauza mwili. Elimu ipi angepewa Madame Victurnien? Alikuwa na taarifa kuliko mtu yeyote pale mjini.

Sasa kinachovunja dharau kwenye hivi vitabu ni nini? Naona ni kitu kimoja kinajirudia, mtu mwenye heshima yake anaitoa, anaiweka rehani kwa ajili ya aliyedharauliwa. Kitabu hicho hicho cha Hugo, Jean Valjean katoka kifungoni baada ya miaka 19, ana pasi ya njano inayosema huyu ni mfungwa, nyumba za wageni zimemkataa, hata kwenye kibanda cha mbwa, mbwa mwenyewe kamtoa. Askofu Myriel anamkaribisha mezani na kumwita Bwana. Usiku Valjean anaiba vyombo vya fedha, askari wanamrudisha wamemshika, na Askofu anasema mbele yao mbona umesahau na vinara vya mishumaa, nilikupa pia. Askofu mzima kadanganya serikali! Ule ucha Mungu wake wa miaka yote kautumia pale mlangoni kama mtu anayelipa deni la mwenzie.

Huo ndio msimamo wangu, ushahidi peke yake hautoshi, lazima atokee mtu wa kupoteza kitu. Karibuni.

Mwalimu wa Chumbageni

Mleta mada nimekusoma vizuri na hoja yako ina nguvu ila umeenda Marekani na Ufaransa ukaruka nyumbani. Sisi watu wa Tanga tuna Shaaban Robert, kazaliwa Vibambani pale Machui 1909 na kazikwa Machui, na kitabu chake cha Kusadikika cha 1951 kinakupinga moja kwa moja.

Kwa wasiokijua, Kusadikika ni nchi inayoelea hewani. Karama anashtakiwa na Waziri Majivuno mbele ya mfalme kwa kosa la kutaka kufundisha watu sheria. Hana askofu wa kumtetea, hana mkubwa nyuma yake, ana ulimi wake tu. Anasimama siku sita, kila siku anatoa habari ya mjumbe mmoja aliyetumwa na nchi kwenda kutafuta maarifa huko nje, Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini, kila mmoja karudi na mambo ya manufaa na badala ya kushukuriwa kafungwa. Mwisho wa yote Karama anashinda na wale wajumbe wanaachiwa.

Ndio kusema Shaaban Robert aliamini maneno ya haki yakipewa nafasi yanashinda. Na alikuwa karani wa serikali ya Mwingereza wakati anaandika hayo, hakuwa mtu asiyejua mamlaka yakoje. Nafundisha hiki kitabu muda mrefu, wanafunzi huwa wanakaa sawa ikifika siku ya sita, unaona kabisa wanataka ashinde.

Mleta mada

Mwalimu shikamoo, na asante kwa kumleta mzee wetu mana nilikuwa namweka akiba.

Mimi naisoma Kusadikika hivi. Wajumbe sita wamekwenda pande sita, mashariki magharibi kaskazini kusini mbinguni na ardhini, wote wamerudi na ushahidi mkononi, na wote sita wamefungwa. Sita kwa mmoja mwalimu! Na wakati wako ndani nchi nzima inajua wako ndani. Hakuna aliyekosa habari. Angalia na mshtaki mwenyewe, Waziri Majivuno hakumshtaki Karama kwa sababu hajui faida ya sheria, anaijua sana, watu wakijua sheria yeye anabaki na nini.

Alafu kuna kitu huwa hatukisemi darasani. Karama alishinda kwa sababu alisikilizwa siku sita mfululizo. Tom Robinson angesikilizwa siku sita? Fantine alipewa hata dakika? Kwangu ushindi wa Karama umeanzia pale alipopewa muda, na muda ule hakujipa mwenyewe.

Bado nakubali kwamba mzee aliamini neno. Sibishani na imani yake, naangalia tu hesabu aliyoiweka ndani ya hadithi.

Binti Pangani

Kaka zangu mbona mnasahau riwaya iliyobeba hili jambo mpaka kwenye jina lake? Pride and Prejudice ya Jane Austen, 1813, na jina lake mwandishi halikuwekwa hata kwenye jalada enzi hizo.

Mle ndani ukweli unamgeuza mtu, tena ni kwa barua tu. Elizabeth anamchukia Darcy mana siku ya kwanza kwenye dansi kamsikia kwa masikio yake akisema si mzuri kiasi cha yeye kusimama kucheza naye. Anakuja Wickham, kijana mtanashati, maneno matamu, hawajajuana hata wiki kashaanza kumpa siri jinsi Darcy alivyomdhulumu. Elizabeth anaamini yote. Baadae Darcy anamposa, anamkataa na kumwaga yote usoni, kesho yake Darcy anamletea barua. Wickham alishalipwa pauni 3000 badala ya ile nafasi ya uchungaji anayodai alinyimwa, akazimaliza, alafu akataka kumtorosha mdogo wake Darcy, msichana wa miaka 15. Elizabeth anaisoma barua, anaikunja, hatua mbili tatu anaikunjua tena. Na anachokiona ni kwamba mmoja alimsifia na mwingine alimdharau, basi akili ikafuata hapo hapo.

Mleta mada utasemaje hapo? Hakuna mtu aliyeweka heshima rehani, kasoma akabadilika.

Mleta mada

Binti Pangani huo ni mfano mtamu kuliko wote na umenipa kazi.

Kwanza, Darcy kuandika ile barua ni kuweka rehani! Jina la mdogo wake wa miaka 15 kaliweka kwenye karatasi na kumpa mwanamke aliyemtukana jana. Barua ile ikivuja yule mtoto kaharibikiwa maisha yake yote kwa taratibu za jamii yao.

Pili, na hapa ndipo naomba wote tukae, angalia kinachofuata. Elizabeth na dada yake Jane wanaujua ukweli wa Wickham, wanakaa chini wanajadili, tuwaambie watu wa mji au tunyamaze? Wananyamaza. Moja ya sababu ni kwamba watu wameshamchukia Darcy sana hawataamini. Yani hata Elizabeth aliyegeuzwa na ukweli hana imani kwamba ukweli utamgeuza jirani yake. Matokeo yake mdogo wao Lydia anatoroshwa na Wickham huyo huyo, na mji mzima sasa unawanyooshea kidole wao.

Tatu, mama yao. Miezi na miezi hampendi Darcy, hataki hata kumsikia. Siku anaambiwa Elizabeth anaolewa nae, na mtu ana kipato cha pauni 10,000 kwa mwaka, chuki yote imeyeyuka papo hapo, hakuulizia barua wala ushahidi. Austen alikuwa anawajua watu huyu mama.

Mzee wa Kahawa

Vijana mnajadili vizuri. Mimi niongeze moja ya enzi zetu. Sisi tuliosoma zamani kitabu kilichotutoa usingizi kilikuwa Mashimo ya Mfalme Sulemani, Rider Haggard kakiandika 1885 na Kiswahili chake kimetoka 1929. Tulikipenda mno, tulikuwa tunasimuliana njiani.

Nimekuja kukirudia ukubwani, wajukuu wakinisomea mana macho siku hizi, na nikasimamishwa na yule msichana Foulata. Kamuuguza Kapteni Good, yule mzungu, mpaka akapona, kampenda, kafa akimpigania yeye na wenzake kule pangoni. Na wakati anakata roho mwandishi kamtia maneno mdomoni kwamba ni heri afe mana jua haliwezi kuoana na giza. Yani binti wa watu kauawa, alafu kalazimishwa kushukuru kwa kuuawa. Tulisoma haya watoto weusi darasa zima na hakuna mwalimu aliyetusimamisha hapo.

Kwa hiyo msiangalie hukumu za watu ndani ya hadithi tu. Kuna hukumu ya aliyeshika kalamu, hiyo huwezi kuikatia rufaa.

Mdau wa Kisosora

Nimekaa pembeni nasoma. Huu uzi ni shule.

Mjukuu wa Mkonge

Nimesoma mpaka hapa nimeona nami niandike japo sijasoma vitabu vyote hivyo, Les Misérables nimeiona kwenye muvi tu.

Familia yetu imekuja Tanga na mkonge. Babu mzaa baba aliletwa kutoka Kigoma kuja kukata mkonge, manamba, na wakubwa humu mnajua lile neno lilitamkwaje mjini. Tumezaliwa hapa, baba kazaliwa hapa, tunaongea kama nyie, tunakula boko boko kama nyie, lakini ikifika kwenye ndoa unaulizwa weye wa nani, kwenu hasa wapi.

Baba mdogo alipeleka posa kwenye nyumba moja ya wenyewe wa mji. Wale watu wanamjua tangu mtoto. Ni fundi baiskeli, na Tanga hii fundi baiskeli mzuri hafichiki, baiskeli zao wenyewe anawatengenezea yeye. Hanywi, anaswali, kajenga vyumba viwili na baraza. Hakuna walichokuwa hawajakijua. Posa ikarudi. Hawakutukana mtu, walisema binti bado anasoma, na wote tunajua alishamaliza.

Sasa nikimsoma mleta mada nakumbuka posa ya pili, ile iliyokubaliwa. Kuna mzee mmoja wa mtaa ule, mtu wa msikitini, akizungumza watu wananyamaza, alikuwa analeta baiskeli yake kwa baba mdogo na hukaa pale kibandani masaa. Akasema mimi ndio mshenga. Babu yangu akamwambia mzee utajivunjia heshima kwa wenzio. Akajibu heshima yenyewe nitaenda nayo wapi. Barua ilifungwa kwenye leso nyeupe kama desturi na hela ya kufungulia, na aliibeba yeye, kwa miguu, mchana baada ya swala ya adhuhuri watu wote wakiwa barazani wanamwona anavyopita nayo. Ile familia walipata shida sana kumrudisha mtu yule mikono mitupu.

Yule binti ni mama yetu mdogo leo, ana watoto wanne. Ila niseme ukweli kuna wajomba mpaka leo hawakanyagi kwetu sikukuu.

Mleta mada

Mjukuu wa Mkonge Mungu akubariki kwa kuandika hili. Nimelisoma mara tatu. Na umesema kitu vitabu vingi vinakificha, kwamba wale wajomba mpaka leo hawaji. Baada ya ile hukumu Atticus nae hakuubadilisha mji, na Tom anapigwa risasi 17 akijaribu kutoroka.

Shangazi Raskazone

Sasa na mie niseme, mana nimewaacha wanaume mmejenga nyumba nzuri lakini ina mlango mmoja tu.

Kila mfano wenu mnyonge anakaa chini anasubiri mkubwa aje. Askofu aje, Atticus aje, mshenga aje. Na huyo mnyonge anasema nini? Tom Robinson kasimama kizimbani sura chache, akafa. Kitabu chote tunamjua Atticus anavaaje miwani na Tom hatumjui. Mimi kwa heshima zote naona hiyo ni dharau nyingine, ya kumpenda mtu bila kumsikiliza.

Chukua Shylock wa Shakespeare, yule Myahudi mkopesha hela, na tunae kwa Kiswahili, Mwalimu Nyerere katafsiri Mabepari wa Venisi na kikatoka 1969. Shylock anasimama anawauliza, Myahudi hana macho? Hana mikono? Ukimchoma hatoki damu? Hayo maneno hakuna aliyemsemea. Na mnaona wenyewe aliowaambia ni kina nani, watu waliokuwa wakimtemea mate sokoni na bado wanajiita waungwana. Mle mahakamani, Shylock akidai deni lake, Portia, mwanamke aliyejifanya mwanasheria, anatoa hotuba nzuri ajabu kuhusu rehema, alafu dakika chache baadae ukumbi ule ule unamnyang'anya mali yake na kumlazimisha abadili dini. Rehema waliyokuwa wanamdai yeye hawakuwa nayo hata wao.

Na tusiende mbali tena. Siti binti Saad, huyu sio wa hadithi, ni mtu kweli, kazaliwa Fumba Unguja kwa watu maskini, jina lake la kwanza lilikuwa Mtumwa, kauza vyungu. Alipopanda akawa staa wa taarabu mpaka akaitwa Bombay kurekodi 1928, wenye mji wakamtungia nyimbo za kumsimanga, kawa mtu lini huyu, kaja mjini na kaniki, asingekuwa na sauti angekula nini. Siti hakwenda kutafuta mshenga. Kajibu kwa wimbo, kwamba uzuri na ukoo si hoja, hasara ya mtu ni kukosa akili. Na jibu lake ndilo watu wanaliimba mpaka leo. Waliomsimanga mnawajua majina?

Mwalimu wa Chumbageni

Shangazi hapo nakuunga mkono, tena niongeze kwamba aliyeandika wasifu wa Siti ni huyo huyo Shaaban Robert, umetoka 1958, miaka minane baada ya Siti kufariki.

Mleta mada

Shangazi shikamoo. Umenifanya nikae na hii simu mpaka chaji imekata.

Hoja yako ya Tom naipokea yote, ule ni upungufu wa kitabu na Mzee wa Kahawa kashaupa jina, hukumu ya aliyeshika kalamu. Ila kuhusu mnyonge kujisemea naomba nikuonyeshe kiumbe kilichojisemea kuliko wote, kile cha Frankenstein ya Mary Shelley, 1818.

Kiumbe kimetengenezwa na msomi, kina sura ya kutisha, muumba wake kamkimbia siku ile ile. Kinajificha kwenye kibanda kando ya nyumba ya familia ya De Lacey, kinawachungulia kwenye upenyo, kinajifunza kusema kwa kuwasikiliza, kinajifunza kusoma. Usiku kinawakatia kuni na kuziweka mlangoni, na wao asubuhi wanashukuru wanasema ni roho njema inatusaidia. Mwisho kinajipa moyo, kinaingia wakati baba mzee yuko peke yake. Mzee ni kipofu. Kinaongea nae, na mzee anamsikia mtu mstaarabu mwenye uchungu, anasema niko tayari kukusaidia. Hapo watoto wanaingia. Felix anakiona tu, anachukua fimbo anakipiga.

Sasa sikilizeni hii familia ni watu gani. Walikuwa matajiri Paris. Felix alimwokoa Mturuki mmoja aliyehukumiwa kifo kwa uonevu, watu walijua kabisa kaponzwa na dini yake na mali yake, na kwa ajili hiyo familia nzima ikanyang'anywa mali na kufukuzwa nchi. Safie, binti wa huyo Mturuki, yuko pale pale ndani, anaingia nao mlangoni. Hawa ndio watu waliopoteza kila kitu kumtetea mtu aliyehukumiwa kwa jinsi alivyo! Na fimbo ikatoka mikononi mwao.

Kwa hiyo Shangazi kauli ya mnyonge ilikuwepo, nzuri kuliko ya Karama, na ilipata sikio moja tu, la mtu asiyeona. Ndio mana nasema neno linahitaji mtu wa kusimama nalo. Felix angesita dakika moja tu.

Binti Pangani

Mleta mada na Shangazi, naona Chinua Achebe amewapatanisha kwenye Things Fall Apart, 1958, ile tuliyosoma kwa Kiswahili kama Shujaa Okonkwo.

Kule kijiji cha Mbanta, Nigeria, kuna watu wanaitwa osu, wametolewa wakfu kwa miungu, wao na vizazi vyao. Haolewi haoi na watu huru, hakai kwenye mikutano yao, hanyoi nywele, anatembea nazo ndefu zimesokotana ili ajulikane. Wawili wanaingia kanisani. Waumini wengine, ambao wenyewe wametoka majuzi tu kwenye mila, wanasogea mbali, wanataka watolewe. Bwana Kiaga, yule mwalimu wa kanisa, anakataa. Anaweza kupoteza kanisa lote alilolijenga kwa shida, anakataa. Hapo mleta mada una wako.

Alafu anawaambia osu wanyoe zile nywele. Na wao wanaogopa watakufa! Si unaelewa, ile hukumu imeshaingia ndani yao wenyewe, hakuna askofu wa kukutolea hiyo. Wananyoa kwa mikono yao. Wakawa ndio imara kuliko wote mle kanisani. Hapo Shangazi una wako.

Shangazi Raskazone

Mwanangu Binti Pangani, huo wembe nimeupenda. Ila ngoja niulize, Kiaga angesema vile kama wale wawili wasingethubutu kuingia mlangoni kwanza? Wao ndio walioanza. Walitoka kwao wakijua watu watawakimbia.

Mjukuu wa Mkonge

Shangazi hilo ni kweli. Baba mdogo alipeleka posa ya kwanza peke yake kabla mshenga hajafikiria kitu. Asingepeleka, yule mzee angejuaje?

Mleta mada

Sawa, hapo nasogea. Wa kwanza kugonga ni yule anayedharauliwa, tena anagonga akijua jibu. Lakini sitoki kwenye lile la kwanza, ukweli peke yake haukumfungulia hata mmoja kati ya hawa wote tuliowataja leo.

Nilitaka tuende na Rosa Mistika ya Kezilahabi, ya 1971, ile iliyopigwa marufuku mashuleni kwa kipindi. Mle ndani Rosa hana hata mtu mmoja wa kusimama nae, baba anampiga kwa ajili ya barua tu ya mvulana, mchumba anamkimbia alipojua ya nyuma, na kila mtu pale Ukerewe anajua ilivyoanza. Shangazi naomba uifungue wewe, mana najua una kopi ile ya zamani, na Mwalimu aje atuambie ilikuwaje waliposoma kwa kujificha bwenini. Mzee wa Kahawa kama wajukuu wako karibu wakusomee sura ile ya barua kabla hatujaanza.